Darubini ndogo kwenye ziwa la Tshangalele

Nani kati yetu hajakula samaki wa Kapolowe? Lakini ni wangapi wamefika kwenye ziwa lenyewe, wakainua macho juu ya matete na kuangalia ndege? Mimi pia nilikaa miaka mingi nikijua samaki tu.

Ziwa la Tshangalele halikuwako zamani. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiliwa na ukuta wa Mwadingusha. Mashine za umeme za pale zilianza kazi mwaka 1930, na nguvu yake ilikwenda kwenye viwanda vya shaba. Kwa hiyo ziwa hili ni ndugu ya migodi yetu. Na katika majani yake kunaishi ndege mmoja mdogo, wa jamaa ya wale wanaofuma viota vya kuning'inia, mwili wa manjano na uso mweusi. Wataalamu walimchukua mmoja tu mwaka 1960, wakampa jina Ploceus ruweti mwaka 1982, kisha habari zake zikanyamaza mpaka mwaka 2009 alipoonekana tena. Anajulikana katika eneo hili la Lufira tu. Mbele ya ukuta kujengwa alikaa wapi? Labda katika vinamasi vya mto. Mtoto wa Likasi yuko karibu naye kuliko profesa wa Ulaya, lakini mtoto wetu anamjua kwa manati.

Kwa sababu hiyo vijana wetu walichanga feza, dola 20, tununue darubini ya macho mawili, ile ambayo wengi tunaiita kwa Kifaransa jumelles. Walinipa mimi feza ile, kwa sababu mimi ni mkubwa na nilikuwa na safari ya Lubumbashi. Katika magazini moja nikaona darubini nzuri, nyeusi, imeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu. Nikafikiri: inakuza mara 30! Nikalipa bila kuijaribu, nikarudi na furaha.

Tulifika ziwani mwezi wa pili, wakati wa mvua, njia ikiwa matope matupu. Tukaingia katika mtumbwi. Kijana wa kwanza akaweka darubini machoni, akanyamaza, akaitoa, akairudisha tena.

"Pasta, mie naona ndeke mbili, na kichwa inaniluma."

Nikaichukua mimi. Kweli, jicho la kuume lilionyesha tete moja, la kushoto lilionyesha lingine, na kila kitu kilizungukwa na ukungu. Mzee mvuvi aliyetuendesha alicheka polepole. "Pasta, acheni ile kintu. Kandeke kenyewe kako paka hapa." Akanyosha kidole. Yeye alikaona kwa macho yake matupu, sisi tukaona kitu cha manjano kinaruka. Feza ya vijana ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile nilianza kuuliza na kujifunza, na haya ndiyo niliyoyapata, ili msianguke nilipoanguka mimi.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini zina maana. Ya kwanza inasema inakuza mara ngapi. Ya pili ni upana wa kila kioo cha mbele, kwa milimita. Basi 8x25 inakuza mara 8, na kioo chake cha mbele ni milimita 25. Chukueni rula, mpime. Ile yangu ya 30x60 haikuwa na kioo cha milimita 60 hata kidogo! Herufi za dhahabu zilidanganya, na rula ya mtoto wa shule ingeniokoa pale pale dukani.

Halafu msitamani ukubwa. Darubini inakuza ndege, lakini inakuza pia kutetemeka kwa mkono. Katika mtumbwi, 8 inatosha kabisa, na 10 ni ya mkono uliotulia. Tena kadiri inavyokuza zaidi, ndivyo unavyoona sehemu ndogo zaidi, na ndege anayerukaruka katika matete atakupotea.

Mwanga nao unahesabiwa. Gawanya namba ya pili kwa ile ya kwanza: 25 kwa 8 ni kama milimita 3, na 25 kwa 10 ni 2 na nusu. Huo ni upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa mchana wa jua letu, 3 ni sawa. Alfajiri na jioni darubini ndogo inachoka, na hapo 8x32 inaishinda, ijapokuwa ni nzito zaidi na bei yake ni nguvu. Zile za kubadilisha ukuzaji kwa kuvuta kidude, ziacheni. Kwa bei ndogo hazitengenezwi vizuri.

Dukani, tokeni nje nayo. Angalieni ukingo wa bati au nguzo ya umeme. Mkiona vitu viwili, au macho yakivutwa, rudisheni. Tikisa kidogo: isilie ndani. Vioo vya mbele viking'aa vyekundu kama kioo cha kujitazama, mara nyingi ni pambo tu. Rangi ya kijani au zambarau iliyofifia ni dalili njema zaidi. Mwenye miwani ahakikishe mpira wa machoni unakunjwa au unashuka, la sivyo ataona tundu dogo tu. Ile iliyotumika Ulaya inaweza kuwa nzuri sana, lakini chungulieni ndani kama kuna ukungu wenye nyuzi kama za buibui. Na watoto waambiwe kwa ukali: hata mara moja wasiangalie jua nayo, itachoma macho.

Darubini ndogo ya kweli, 8x25, inapatikana tangu dola 50 hivi mpaka 100. Ni feza nyingi kwa mtu mmoja. Kwa kikundi cha vijana 15 wanaochanga miezi minne, si mlima. Nusu ya feza niliitoa mimi, kwa deni langu.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa mzee yule yule. Safari hii binti mmoja ndiye aliyeangalia kwanza, akaanza kutusomea kama anasoma kitabu: uso mweusi, rangi ya kahawia pembeni ya ule weusi, tumbo la manjano, jani refu mdomoni. Kila mtu akapata zamu. Mwisho tukampa mzee. Alisita, akafuta mikono kwenye suruali, akaiweka machoni na kunyamaza muda mrefu.

"Kanafunga fundo," akasema. "Kanapitisha jani, kanalivuta, sawa vile mie na wavu wangu. Miaka yote hii, sikujua."

Vijana walianza kudai zamu yao tena. Mzee hakuirudisha mpaka mtumbwi ulipogusa matope ya ukingoni.