Kwa Miguu katika Bonde la Mto Mosel

Mto Mosel huanzia katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, hupita mpakani mwa Luxembourg na Ujerumani, na baada ya safari ya kilomita 544 humwaga maji yake katika mto Rhine kwenye mji wa Koblenz. Sehemu isifiwayo zaidi na wasafiri ni ile ya mwisho, toka mji wa Trier hadi Koblenz. Hapo mto hujikunja na kujikunjua kama nyoka mchangani, hata mwenye kuufuata ukingo wake huenda karibu mara mbili ya umbali ambao angekwenda kama angekata moja kwa moja. Kila mahali mto unapojipinda, upande mmoja huacha uwanda mwembamba wenye kijiji na kanisa, na upande wa pili husimamisha ukuta wa mlima. Ukuta huo ndio shamba. Umepandwa mizabibu toka karibu na maji hadi msituni.

Msomaji aliyekulia Kigezi au katika milima ya Rwanda hatashangazwa na habari za watu kulima juu ya miteremko. Rwanda, kwa hakika, ina udugu wa pekee na sehemu hii ya Ujerumani: tangu mwaka 1982 imefungamana kwa ushirikiano na jimbo la Rheinland-Pfalz, ambamo ndimo ilimo sehemu hii ya bonde la Mosel, na shule za pande hizi mbili zimekuwa na uhusiano hata leo. Lakini mkulima wa kwetu hupanda mlimani kwa kuwa ardhi tambarare haimtoshi. Mkulima wa Mosel alipanda mlimani kulifuata jua.

Bonde hili liko karibu na nyuzi 50 kaskazini ya Ikweta, na jua la huko huwa limeinama wakati zabibu zinapotaka kuiva. Shamba la uwandani hulipokea kwa ubavu. Shamba lililosimama wima na kuelekea kusini hulipokea kifuani. Mto nao hurudisha mwanga. Tena udongo umejaa vipande vya jiwe la sleti, jamaa ya lile lililotumiwa zamani kwa vibao vya kuandikia shuleni, nalo hunywa joto mchana na kulitoa usiku kama chungu kilichoepuliwa mekoni. Kwa njia hiyo zabibu ya aina ya Riesling, ambayo hukawia sana kuiva, hupata kuiva katika nchi ya baridi. Mwaka 1787 mtawala wa Trier, Askofu Mkuu Clemens Wenzeslaus, aliamuru mizabibu hafifu ing'olewe na mahali pake ipandwe iliyo bora, na amri hiyo iliifungulia njia Riesling. Leo aina hiyo imechukua zaidi ya nusu ya mashamba yote.

Kilimo chenyewe kililetwa na Warumi. Yafaa basi kuianzia safari Trier, penye lango lao kubwa la mawe liitwalo Porta Nigra, lililojengwa katika karne ya pili. Katika jumba la makumbusho la mji huo imo jahazi ya jiwe yenye wapiga makasia na mapipa ya mvinyo, iliyochongwa kwa ajili ya kaburi la mfanyabiashara yapata mwaka 220 na kufukuliwa katika kijiji cha Neumagen mwaka 1878. Karibu na hapo, kijijini Piesport, kinu cha Kirumi cha kukamulia zabibu kilifukuliwa chini ya mashamba yale yale ambayo hata sasa yanalimwa.

Tangu mwaka 2014 iko njia ya miguu iitwayo Moselsteig, yenye urefu wa kilomita 365, iliyogawanywa katika hatua 24. Huanzia Perl, ng'ambo ya kijiji cha Schengen cha Luxembourg ambako mwaka 1985 ulitiwa sahihi mkataba wa kuondoa ukaguzi wa mipakani, na huishia Koblenz. Si lazima kuitembea yote. Msafiri mwenye siku nne au tano achague vipande vyake, kisha arudi kwa treni au basi.

Kipande cha kwanza nisichoweza kukiacha ni cha Bernkastel-Kues. Wageni wengi hukaa upande wa Bernkastel, kwenye nyumba za mbao zilizoinamiana juu ya vichochoro. Afadhali kuvuka daraja. Upande wa Kues pana nyumba ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1458 na Kardinali Nikolaus von Kues, mwanafalsafa na mwana wa mwenye mashua wa hapo hapo. Aliiweka kwa ajili ya wazee 33, idadi ya miaka ya Yesu duniani, akaiachia mashamba ya mizabibu ili iweze kujilisha. Mwili wake ulizikwa Roma, lakini moyo wake umezikwa katika kanisa dogo la nyumba hiyo. Wazee wangali wakitunzwa humo, mvinyo wa mashamba yake ungali ukiuzwa, na maktaba yake ina miswada ya mkono zaidi ya mia tatu.

Mbele kidogo, karibu na Ürzig, njia hupita chini ya daraja la barabara lililofunguliwa mwaka 2019, lenye kimo cha mita 160 kutoka bondeni. Wahandisi wana haki ya kujivuna. Mimi niko pamoja na wale waliolipinga, kwa kuwa hakuna mahali pa karibu ambapo jicho laweza kulikwepa.

Kisha huja Bremm, na juu yake mlima Calmont. Hapa mto hugeuka kabisa na kurudi ulikotoka, na ndani ya kitanzi hicho, ng'ambo ya maji, yamesimama magofu ya kanisa la watawa wa Stuben, lisilo na paa. Mteremko wa Calmont hufika nyuzi 65, nao huhesabiwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yaliyo wima kupita yote duniani. Njia nyembamba huukata katikati hadi Eller. Penye mwamba mtupu zimetiwa ngazi za chuma na kamba za waya za kushikilia. Mtu mzima mwenye afya huimaliza kwa saa mbili au tatu. Mwenye kizunguzungu apite njia ya juu ya kilele, ambako mandhari ni yale yale na miguu haitetemeki.

Akiwa amening'inia hapo, msafiri hutambua anachokitazama. Kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake peke yake, na vitawi vyake viwili vimepindwa kwa mkono mfano wa moyo. Kila ngazi ya shamba imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Mvua ikiuteremsha udongo, sharti upandishwe tena. Zamani ulibebwa mgongoni, na leo wengine wana kigari cha injini kipandacho juu ya reli moja yenye meno. Hekta moja ya mashamba ya namna hii hudai kazi ya zaidi ya saa elfu moja kwa mwaka, ambapo hekta ya uwandani itumiayo mashine hudai saa mia chache tu. Sokoni, chupa haiulizwi imegharimu jasho kiasi gani.

Hivyo mashamba yanaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 eneo lote la Mosel lilikuwa na zaidi ya hekta 12,000 za mizabibu. Sasa hazifiki 9,000, na mengi ya yaliyotangulia kuachwa ni ya miteremko mikali. Penye miaka michache bila jembe, miiba hufunika ngazi na kuta huanza kubomoka. Hata kipepeo mweupe aitwaye Apollo, akaaye kwenye miamba iliyo wazi kati ya Cochem na Winningen, amepungua mno, ingawa juu yake wapo pia wanaozilaumu dawa zinyunyizwazo kwa helikopta.

Dhiki ya wakulima hawa ina historia. Baada ya Prussia kulitwaa bonde mwaka 1815, mvinyo wa Mosel ulipata soko lenye ulinzi wa ushuru. Ulipoanza umoja wa forodha wa nchi za Kijerumani mwaka 1834, mvinyo wa kusini uliingia bure na bei ikaanguka. Mwezi Januari 1843 mhariri mmoja kijana wa gazeti la Rheinische Zeitung, mzaliwa wa Trier, aliandika makala juu ya umaskini huo na ukimya wa maofisa. Gazeti lilipigwa marufuku mwaka huo huo. Kijana huyo ni Karl Marx, na mwaka 1859 aliandika mwenyewe kwamba mambo ya wakulima wa Mosel yalikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma kuchunguza uchumi. Watu humiminika Trier kupigwa picha chini ya sanamu yake, zawadi ya China ya mwaka 2018. Ni wachache wapandao hadi kwenye mashamba yaliyomfanya achukue kalamu.

Njia za miguu hazitafidia saa zile elfu moja, lakini zimesaidia. Juu ya Calmont baadhi ya wakulima wamesafisha vichaka na kupanda upya, na mgeni aliyeupanda mlima hununua chupa yake bila kubishana sana.

Kuhusu majumba, Cochem ina ngome iliyoteketezwa na Wafaransa mwaka 1689 na kujengwa upya na tajiri wa Berlin katika karne ya 19. Hupendeza zaidi kwa mbali. Ngome ya Eltz ni habari nyingine. Haikubomolewa kamwe, na ukoo ule ule umeishika kwa zaidi ya miaka 850. Msafiri ashuke treni Moselkern na kufuata kijito msituni kwa muda wa saa moja na nusu, mpaka ngome itokeze ghafula juu ya jabali.

Majira mazuri ni Aprili, mipichi inapochanua kati ya mizabibu, na Septemba hadi Oktoba wakati wa mavuno, ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na vibarua wa kutoka Poland na Romania. Mwezi Julai sleti huwa ya moto kama kikaango. Viatu viwe vyenye soli ya kushika, na maji yachukuliwe toka kijijini. Njia ya Calmont hufungwa mawe yanapoporomoka, basi ni vema kuulizia kwanza. Zabibu za kando ya njia zina mwenyewe.

Jioni, atafutaye chakula aangalie mlango wenye tawi au ufagio uliotundikwa. Hiyo ni alama kwamba mkulima anauza mvinyo wake nyumbani kwake, kama sheria inavyomruhusu kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, pamoja na mkate, jibini na nyama baridi. Asiyekunywa mvinyo huletewa maji ya zabibu za mlima ule ule.