MKE WAKO NAYE ANA HAKI YA KUPUMZIKA: SIKU NNE ZA LUSHOTO



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita niliweka hapa picha moja tu, ukungu juu ya miti, nikaandika "Lushoto, alhamdulillah". Picha ile imeniletea ujumbe mwingi kuliko darsa zangu za Ramadhani nzima! Wengi mlituombea dua, Allah awalipe. Lakini ndugu mmoja aliniandikia: "Maalim, nawe siku hizi mtalii?" Mwingine akauliza kama inafaa imamu aache mihrabu yake akakodi nyumba ya mbao milimani, na huku wako maamuma wake wasiojua kesho watakula nini.

Swali hili si baya na sikukasirika. Nalijibu kwa urefu kwa sababu najua ziko nyumba nyingi linakoulizwa, tena wanaouliza ni wanaume, na wanaonyamaza ni wake zao.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Senti ya msikiti haikutoka hata moja. Vijana wetu wawili walichanga, nami nikatia changu. Tulipanda basi kama watu wote, tukabeba mchele wetu, nazi na papa mkavu. Naibu wangu aliswalisha siku zote nne, na Ijumaa nilikuwa juu ya mimbari kama kawaida.

Sasa sababu ya safari. Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alipatwa na kiharusi akapooza upande mmoja. Aliishi hivyo miaka sita, chumbani kwetu, kitanda chake karibu na dirisha. Mgonjwa wa namna ile lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, mchana na usiku, la sivyo mwili unachubuka na kufanya vidonda. Mimi nilikuwa nikimwinua, kwa sababu mama alikuwa mzito. Kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha pampasi, kumsugua mgongo kwa mafuta, kumsikiliza akiita jina la dada yake aliyekufa zamani, hayo yote aliyafanya mke wangu. Miaka sita hakulala usiku mmoja mzima. Harusi za ndugu zake alikuwa akienda saa moja na kurudi. Mama alipofariki mwaka jana watu walinipa mimi pole na wakanisifu mimi kwa kumtunza mzazi wangu.

Hapa akina baba nisikilizeni vizuri. Kumtunza mama yangu ni wajibu wangu mimi niliyezaliwa naye. Mke wangu hakuzaliwa naye. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakumwajibisha mke kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akifanya, hiyo ni hisani yake na ujira wake uko kwa Mola wake. Najua wengine hapo mmekunja uso. Mnasema, "Sheikh, ukiwaambia hivyo watatuachia wazee wetu." Mimi nimewaambia, na wake wa mtaa wetu bado wanawauguza wakwe zao. Mtu akijua kwamba anachotoa ni zawadi, hutoa kwa moyo mweupe zaidi. Tatizo lipo kwetu sisi tunaopokea zawadi tukadhani tumelipwa deni. Na katika Surat Rahman Mwenyezi Mungu ametuuliza malipo ya hisani ni yapi. Kila mmoja wetu analijua jibu lake.

Nilimuuliza anataka nini. Nilitazamia aseme kitenge au pete. Akasema, "Maalim, nataka kwenda mahali pa baridi nisipopika kwa haraka."

Basi tukaenda Lushoto. Sisi watu wa Tanga mlima huu tunauona kila tukienda Moshi, tunaupita pale Mombo tukinunua machungwa dirishani, wala hatukati kulia kupanda. Wajerumani walipotutawala waliuona upesi. Mji wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na joto la pwani likiwazidi wakawa wanapanda huko kupumua. Jua hili hili la kwetu! Mgeni alijua pa kupumzikia katika nchi yetu, na sisi wenyewe tunaambiana kwamba kupumzika ni mambo ya wazungu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na maporomoko ya maji ya Soni yako kandokando ya barabara. Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walikuwa wakipanda mahali pa juu wanaleta takbira, na wakishuka bondeni wanaleta tasbihi. Hayo yamepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.). Nilimkumbusha mke wangu, akawa kila kona anasema Allahu Akbar taratibu. Kwa kona zile, nadhani hajaleta takbira nyingi namna hiyo tangu Idi. Kijana aliyekaa mbele yetu alidhani bibi anaogopa, akamwambia asihofu, dereva ni mzoefu.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya mbao, chumba kimoja na jiko, na mahali pa kukokea kuni ndani. Niliuliza mambo matatu kabla ya kulipa, nanyi yaulizeni: kama mahali hapo panauzwa pombe, kama kuna maji ya moto, na msikiti uko umbali gani. Wasambaa wengi ni waislamu, kwa hiyo misikiti iko, na adhana ya alfajiri mlimani, wallahi, unaisikia bonde zima.

Usiku wa kwanza niliamka nikaona nafasi yake kitandani tupu. Ilikuwa saa tisa, saa yake ya kumgeuza mama. Alikuwa amesimama katikati ya chumba gizani, mikono mbele, anatafuta kitanda kilichokuwa dirishani kwetu Tanga. Nikamwita. Akakaa chini akalia. Hakulia hivyo siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alikuwa na wageni wa kuwapikia. Usiku wa pili akaamka tena saa ile ile, ila alikaa tu kando ya moto, nami nikakaa naye, akanisimulia mambo ya mama ambayo sikuwa nayajua, kwamba alikuwa akimwomba amwimbie kaswida za maulidi, na kwamba mwishoni alikuwa akimwita mke wangu "mama". Usiku wa tatu alilala mpaka adhana. Mimi niliamka saa tisa nikamsikiliza anavyokoroma, nikaswali rakaa mbili.

Ndugu yangu uliyeniita mtalii, nilichokwenda kukitafuta ndicho hicho.

Mchana tulitembea. Lushoto haina mwezi usiokuwa na la kufanya. Sisi tulikwenda mwezi wa 7, baridi kali na ukungu asubuhi, lakini njia kavu. Msimu wa masika njia zinateleza na barabara ya Mombo huweza kuporomokewa na udongo, basi mwenye miguu mibovu asubiri. Tulikwenda Irente, ukingo wa mlima ulio juu ya Mazinde, unaona mashamba ya katani chini yamepangwa kama mistari ya daftari, na tambarare inaendelea mpaka macho yanachoka. Mke wangu alikaa kwenye jiwe muda mrefu bila kusema. Siku nyingine tuliingia kidogo msitu wa Magamba tukawaona mbega wenye manyoya meupe mabegani kama wamevaa joho. Na katika misitu hii ya Usambara ndimo ulimotoka ule ua mdogo wa zambarau ambao leo unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Umepewa jina la ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Saint Paul. Waliouona kila siku wakipita kutafuta kuni hawakupewa jina lolote, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kuna wanaohalalisha safari kama hizi kwa kutaja Mtume (s.a.w.) kujitenga katika pango la Hira. Mimi siitumii hoja hiyo. Alikwenda kwa ibada, tena peke yake, na ilikuwa kabla ya utume. Dalili iliyo karibu zaidi na jambo letu ni kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kuswali usiku mpaka mkewe akaacha kujipamba, kwa sababu hakuwa na wa kumpambia. Salman alipolala kwao alimzuia, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na mkewe ana haki. Mtume alipoambiwa alimsadikisha Salman. Abu Dardaa hakuwa mlevi wala mchezaji bao, ndugu zangu. Alikuwa kwenye mswala.

Ama maamuma wenye njaa, ni kweli wapo, na mfuko wa zaka unawajua. Ila nashangaa kwamba mtu akikodi ukumbi na matarumbeta kwa usiku mmoja, haji mtu kumuuliza habari za wenye njaa. Swali hilo huletwa pale mwanamke anapopumzika.

Sasa waliouliza masuala ya fiqhi. Kutoka Tanga hadi Lushoto ni zaidi ya masafa ya kupunguza swala, na safari ni ya halali, kwa hiyo tulipunguza tangu tulipotoka nje ya mji. Kwa madhehebu yetu, ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, unakuwa mkaazi. Sisi tulifika Jumatatu tukaondoka Alhamisi, tukabaki wasafiri. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, unatimiza rakaa nne pamoja naye.

Maji baridi peke yake hayakuruhusu kutayamamu iwapo una kuni na sufuria. Chemsha. Amr bin Al-Aas (r.a.) alitayamamu usiku wa baridi akiwa na janaba kwa kuogopa kufa, na Mtume alipomsikia alicheka wala hakumlaumu, lakini yule alikuwa jangwani vitani, wewe uko karibu na jiko.

Jambo moja linawapita wengi. Bondeni, jua linajificha nyuma ya mlima mapema, na mbingu bado ni nyeupe. Hiyo siyo Magharibi. Tazama giza linapopanda upande wa mashariki, au fuata ratiba ya msikiti wa hapo, hasa ukiwa umefunga. Na kibla kule ni kaskazini, ukiegemea kidogo sana mashariki. Milima inapotosha, chukua dira.

Mliouliza kuhusu kupangusa khuffu, kwamba msafiri anapangusa siku tatu na usiku zake, na soksi za kawaida zinahesabiwa vipi, hilo lina masharti marefu. Nitalisomesha Jumamosi baada ya Isha inshaallah, njooni na viatu vyenu tuvitazame.

Wallahu aalam.