Oili Haimwagwi



Tangu nilipoweka hapa picha ya lori la Wete, wengi wenu mmeniuliza hali ya mzee, na kama ile gari yake ya kijivu ingalipo. Mzee ni mzima, alhamdulillahi, ametimiza miaka 84. Gari nayo ipo. Lakini kubaki kwake kuna kisa, nacho kinaanzia siku ambayo Baba hakuwahi maziko ya dada yake.

Shangazi alifariki Nizwa alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Tulitoka Maskati mapema. Tulipoipita Fanja na barabara kuanza kupanda, taa ya injini iliwaka, gari ikatetemeka na kupoteza nguvu. Kila nikikanyaga mafuta, haiitikii. Tulifika baada ya alasiri, watu wamekwisha kutawanyika makaburini. Baba alisimama peke yake, akasoma dua, akarudi garini. Hakusema neno. Laiti angenigombeza, ningepata nafuu.

Taa ile haikuwa ngeni kwetu. Katika mwaka mmoja ilikuwa imewaka mara 3, na kila mara kifaa cha kusomea hitilafu kilitoa namba ileile, P0016. Maana yake ni kwamba krenkshafti na kamshafti hazipatani. Krenkshafti, inayosukumwa na pistoni, ikizunguka mara 2, kamshafti inayofungua na kufunga valvu inapaswa kuzunguka mara 1, bila kutangulia wala kuchelewa kupita kipimo. Cheni ndiyo inayoziunganisha. Ikiruka meno, katika injini nyingi za siku hizi valvu hugongana na pistoni, na hapo hasara yake yaweza kuizidi bei ya gari.

Gereji ya kwanza ilibadilisha sensa. Taa ikazimika, baada ya wiki 3 ikarudi. Ya pili ikabadilisha valvu inayopeleka oili kwenye gia ya kamshafti. Tukapata miezi miwili ya raha. Ya tatu ikafunga cheni mpya. Miezi mitano baadaye ndipo tulipokwama njiani kwenda Nizwa.

Nikaamua kuiuza. Baba akaniambia, "Mwanangu, gari haiuzwi kabla ya kujulikana kosa lake. Utamuuzia mwenzio maradhi."

Basi tukaifungua wenyewe uani, yeye kakaa kitini kivulini, mimi nimeinama na spana. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba nisinunue chombo chochote mpaka tujue. "Wao waliuliza kipi kimeharibika," alisema. "Wewe uliza kwa nini kinaharibika tena."

Tuliisikiliza kwanza ikiwashwa asubuhi ingali baridi. Ilikwaruza kwa sekunde mbili tatu upande wa cheni, kisha ikanyamaza. Baba akainua kidole: "Hiyo ni kiu. Oili inachelewa kufika." Nikatoa plagi, nikaizungusha injini kwa spana raundi 2 kamili za krenkshafti, nikalinganisha alama za gia. Zote zilikaa mahali pake. Kumbe cheni haikuwa na kosa. Kosa lilizuka injini ikiwa inafanya kazi.

Hapo ndipo ilipobaki gia ya kamshafti. Gia hii haikufungwa moja kwa moja. Ndani yake mna vyumba vidogo, na oili yenye msukumo huigeuza kamshafti mbele au nyuma kidogo kufuatana na mwendo. Oili ikiwa chafu, gia hukwama, kamshafti ikabaki mbele wakati injini inaitaka nyuma. Nilipoitoa valvu ile, ambayo haikuwa imemaliza mwaka, nilikuta kichujio chake chembamba kimezibwa na uchafu mweusi.

Nikaishusha sampu. Chini mlikuwa na tope zito, jeusi, kama halua iliyosahauliwa motoni, na chujio la pampu lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu. Nikafahamu kila kitu kwa mara moja. Vyombo vipya vyote vilikuwa vikinyweshwa kutoka kisima kichafu.

Nikafahamu na jambo jingine, nikatamani kulificha chujio lile. Kwa miaka mingi mtu aliyeihudumia gari ile alikuwa Baba mwenyewe. Kila Ijumaa huchomoa kijiti, hupima, huongeza. Kijiti kilionyesha oili imejaa siku zote, ndiyo maana hakuna fundi aliyeshuku. Lakini kuongeza si kubadilisha.

"Lete nilione," alisema. Akaligeuza mkononi muda mrefu. Kisha akanihadithia yale ambayo hajapata kunihadithia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipokuwa akiendesha lori la karafuu Pemba, bidhaa zilikuwa adimu, na galoni ya oili ilitafutwa kama dawa. Iliyokuwemo injinini haikumwagwa. Iliongezwa tu, kwa vibaba. Alipohamia huku mwaka 1974 alikuja na begi moja na mazoea hayo. Maduka yalijaa, lakini mkono wake ulikataa kumwaga.

"Oili hii nimeitia mimi," akasema. "Na maziko ya dada yangu nimejikosesha mwenyewe."

Nikamwambia, "Baba, galoni nilikuwa nikikuletea mimi kila mwezi, wala sikuuliza hata siku moja ile ya zamani imekwenda wapi." Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyezaliwa penye wingi.

Tulisafisha sampu, chujio na njia za oili, tukafunga gia mpya ya kamshafti na valvu mpya, tukatia oili nyepesi iliyoandikwa katika kitabu cha gari badala ya ile nzito aliyoizoea. Baada ya kilomita 1,000 tukaibadilisha tena, ili masalio yatoke, na sasa huibadilisha kila kilomita 5,000. Mara ile ya kilomita 1,000 Baba alitaka kufungua nati ya sampu kwa mkono wake. Alikaa chini, akaitazama oili ikichuruzika karaini mpaka tone la mwisho, na sikumharakisha.

Taa haijawaka tangu hapo. Mwezi uliopita tulikwenda Nizwa kumzuru Shangazi. Tukipanda baada ya Fanja, Baba alikuwa ameinamisha kichwa, akiisikiliza injini.

Mwenye picha nyingine ya lori la Wete na aniletee. Mzee angependa kuiona.