Kuta za Chaki, Sebule za Mbezi

Trollhättan, mji wa Uswidi ulio kaskazini mwa Göteborg ninakoishi, ndiko mwongozaji Lars von Trier alikorekodi Dogville, filamu iliyotoka mwaka 2003. Kijiji kizima kimo ndani ya ukumbi mmoja. Mitaa na nyumba ni mistari myeupe iliyochorwa sakafuni, na mbwa naye kachorwa. Mwigizaji anashika kitasa kisichokuwepo, sisi tunasikia mlango ukifunguka.

Nilidhani ningechoka baada ya dakika kumi. Kisha ikaja ile sehemu ambayo Chuck, mwanakijiji mwenye mke na watoto, anambaka Grace, mgeni waliyekubali kumficha. Kamera inarudi nyuma taratibu. Kwa kuwa hakuna ukuta, tunawaona majirani wote hatua chache kutoka pale, kila mmoja na shughuli zake. Kungekuwa na matofali, tungewatetea kwamba hawakujua. Hapa utetezi huo haupo, nawe mtazamaji unaanza kujihesabu miongoni mwao. Kwa waigizaji ni mtihani pia: hata zamu isiyo yako, bado unaonekana, kwa hiyo lazima uendelee kuishi nyumbani kwako. Nicole Kidman, anayeigiza Grace, hana pa kujificha ila usoni pake. (Filamu yenyewe ni ndefu mno, karibu saa tatu, na msimulizi anatufafanulia mengi tuliyokwisha kuyaona.)

Nyumbani Tanzania, filamu nyingi za Bongo huanza na geti la jumba la kifahari la Mbezi Beach, Dar es Salaam. Gari linaingia, kamera inazunguka sebule, makochi, kabati la vyombo, televisheni ya ukutani, ndipo mtu aseme neno. Dhuluma ya mume inafanyika nyuma ya mlango uliofungwa, na jirani hayumo kabisa kwenye hadithi. Mwishoni mkosaji anaugua au anapata ajali, na mtaa mzima unabaki safi.

Usiniambie jukwaa tupu ni mambo ya Wazungu. Mbegu ya Dogville ilitoka kwenye wimbo wa tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht, na mwandishi wetu wa tamthilia Ebrahim Hussein alisoma Ujerumani Mashariki, nchi aliyofanyia kazi Brecht huyo huyo. Kabla ya hapo, mwaka 1969, alikwisha kutupa tamthilia ya Kinjeketile. Tulipoicheza shuleni hatukuwa na mto Rufiji anamozama Kinjeketile. Kijana aliyemwigiza alizama sakafuni, ukumbi ukanyamaza kumsubiri aibuke. Mchekeshaji King Majuto naye hakuhitaji jumba la kifahari ili watu wacheke.

Kwa hiyo ndugu zangu waongozaji, sisemi mchore chaki; soko halitanunua. Nasema filamu moja tu, msikodi jumba. Fedha hiyo walipeni waigizaji wafanye mazoezi wiki mbili, na yule jirani mumwandikie sehemu yake.