Umri wa Kompyuta

Mwenye fedha nyingi hununua kitu. Mwenye fedha kidogo hununua miaka. Kitu cha tajiri kikiharibika kesho, yeye hutwaa kingine dukani na habari ikaisha. Kitu cha maskini kikiharibika kesho, hupotea chenyewe, na pamoja nacho hupotea msimu mzima wa jasho lililozaa bei yake. Kwa sababu hiyo maskini hana budi kuvijua vitu kuliko tajiri anavyovijua. Neno hili nataka kulipima kwa mfano ambao yamkini baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi watauona mwepesi mno kwa mtu wa kazi yangu: uchaguzi wa vipuri vya kompyuta ya kuchezea michezo.

Jambo lenyewe lilinifikia mwaka 2024. Mimi ni Mluguru, na kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba hawezi kulikwepa shauri la mtoto wa dada yake. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alitaka kompyuta ya kuchezea mpira na mbio za magari, na ambayo baadaye ingemfaa katika masomo ya uchoraji wa majengo. Mama yake hulima karafuu, pilipili manga na mdalasini huko Kinole, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Alikuwa ameweka shilingi 1,500,000 ili abadilishe mabati ya nyumba yake, ambayo yalikuwa yakivuja. Alikubali mabati yangoje. Sharti lake lilikuwa moja, akalitamka mbele ya kijana: "Kaka, mimi kitu hicho sikijui. Niambie tu kitadumu miaka mingapi."

Swali hili halikuwa la mtu asiyejua thamani ya kungoja. Mkarafuu hupandwa leo, ukaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kisha ukamlisha aliyeupanda na watoto wake. Mtu aliyezoea hesabu ya namna hiyo hawezi kuelezwa kwamba shilingi milioni moja na nusu zimekwenda katika kasha litakalokuwa takataka baada ya masika mbili. Kwa hiyo kijana aliponiuliza kompyuta ipi ina nguvu zaidi, nilimwambia kwamba swali lililokuwa mezani si lake, bali la mama yake.

Kwanza imenipasa kusema neno kwa wale wanaodhani kuwa mchezo haustahili gharama wala fikira. Wazee wetu hawakuwa na dhana hiyo. Bao la mashimo 32 na kete 64 huchongwa kwa mti mgumu, na lililochongwa vyema hurithiwa. Hapana aliyepata kuwalaumu wazee kwa kuchagua mti usiopasuka kwa ajili ya mchezo. Mchezo hupewa kitu imara kwa sababu hurudiwa kila siku, na kitu kirudiwacho kila siku ndicho kinachoonyesha upesi ubovu wa maungo yake. Kompyuta ya mchezo hufanya kazi nzito kuliko kompyuta ya barua: huchemka, huvuta umeme mwingi, na hukaa katika hali hiyo kwa saa nyingi. Anayeweza kuichagua hiyo ikadumu ameweza kuzichagua zote.

Mpwa wangu alikuja na orodha. "Mjomba," akasema, "hii imeandikwa na wajuzi." Nikamwuliza, "Wajuzi wa wapi, mwanangu?" Walikuwa wajuzi wa Marekani. Orodha ilikuwa nzuri kwa mahali ilikoandikiwa. Karibu nusu ya fedha ilikwenda katika kadi ya picha, ambayo ndiyo huchora kila kionekanacho katika mchezo. Sehemu nyingine ilikwenda katika feni zenye taa za rangi. Na kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kilipewa masalio.

Sisi wa Uluguru tunayo kumbukumbu ya mipango mizuri iliyotungwa mbali na udongo wetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchonga ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa na maana, kwani maji ya mto Ruvu, ambayo hata Dar es Salaam huyanywa, hutoka katika milima hii. Lakini mahali pengi udongo wetu wenye rutuba ni utando mwembamba. Kuchonga ngazi kuliufukia na kuuleta juu udongo usiozaa. Kazi ikawa kubwa na mavuno yakawa haba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Ngazi si kitu kibaya. Kosa lilikuwa kutouliza udongo. Nilimwambia kijana tuiulize Morogoro kabla ya kuiuliza Marekani.

Morogoro ilijibu kwanza kwa umeme. Mkoa wetu si mgeni wa nishati: mtambo wa Kidatu ulianza kufua umeme mwaka 1975, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka ule ule wa 2024. Walakini wingi wa umeme mtoni ni jambo moja, na utulivu wake katika tundu la ukutani ni jambo jingine. Umeme uandikwao volti 230 waweza kushuka jioni mtaa mzima uwashapo taa na majiko, ukakatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Wakati wa masika ngurumo za Uluguru huongeza hatari. Mahali pa namna hiyo kisanduku cha umeme ndicho mlinzi wa mlango. Kikiwa dhaifu, hakifi peke yake. Yaweza kuwa siku ya kufa kwake hukokota ubao mama, ghala la kumbukumbu na kadi ya picha.

Basi tulikitengea sehemu moja katika nane ya fedha zote, tukachagua cha wati 550 chenye dhamana ya miaka mitano. Kijana alishangaa, kwa maana kompyuta yetu ya kwanza isingefikia hata nusu ya wati hizo. Nikamweleza kwamba chombo kisichofanya kazi kwa nguvu zake zote hakichemki sana, na kwamba nafasi iliyobaki ilikuwa ya kadi itakayokuja baadaye. Tulitazama pia alama ya 80 Plus, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, tukijua mpaka wake: huthibitisha kuwa kisanduku hakipotezi umeme mwingi kwa joto, lakini haiapi kuwa kitaikinga kompyuta na kila balaa. Kwa balaa tuliongeza kifaa cha kutuliza umeme, na sheria isiyo na bei: ngurumo ikianza, waya hutolewa ukutani.

Jibu la pili la Morogoro lilikuwa joto na vumbi. Katika vifaa vya umeme mna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo hutunza chaji na kusawazisha mkondo. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, umri wa vikopo vya namna hiyo huongezeka maradufu hivi. Hivyo upepo ndani ya kasha si anasa, ni miaka. Tuliacha kasha la kioo lililozibwa mbele, tukatwaa lenye uso wa wavu, feni mbili na chujio liwezalo kutolewa likafuliwa. Kasha likawekwa juu ya meza, maana sakafuni ndiko vumbi la kiangazi lilalako. Taa za rangi zilifutwa katika orodha bila matanga.

Baada ya hayo ndipo ulipokuja mjadala mgumu, nao ulikuwa juu ya ubao mama. Ubao huu una kiti cha prosesa, ambayo ni akili ya kompyuta, na prosesa haikai katika kiti kisicho chake. Kwa hiyo anunuaye ubao hununua pia mlango wa mabadiliko yake ya baadaye. Kiti kiitwacho AM4 cha kampuni ya AMD kilitoka mwaka 2016, na hata mwaka 2024 prosesa mpya zilikuwa zingali zikitengenezwa kwa ajili yake. Mrithi wake, AM5, alikuja mwaka 2022, lakini hakubali ila kumbukumbu za aina ya DDR5, ambazo wakati ule zilikuwa ghali kuliko DDR4. Mpwa wangu aliutaka mpya. "Mjomba, huo wa zamani mlango wake unafungwa." Hoja yake ilikuwa ya haki. Jibu langu lilikuwa kwamba ndani ya nyumba ile ya zamani mlikuwa bado mna vyumba ambavyo hatujavilala. Tungeweza kuanza na prosesa ya wastani, na baada ya miaka mitatu au minne kutwaa iliyo bora kabisa ya kiti kile kwa bei ya mtumba. Kuingia nyumba mpya kungetulazimisha kupunguza kisanduku cha umeme, na hapo mlinzi wa mlango angekuwa amefukuzwa ili chumba kipakwe rangi.

Tukachagua Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, ambayo ina uwezo wa kuchora picha ndani yake yenyewe. Ilikuwa ndiyo siri ya bajeti yote. Kompyuta ilianza bila kadi ya picha. Michezo ya kawaida ilichezeka kwa picha za kadiri, na runinga ya nyumbani ikawa kioo chake. Kumbukumbu tulinunua gigabaiti 16 katika vipande viwili vya 8, si kimoja, kwa kuwa prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja, na prosesa inayochora picha kwa kuazima kumbukumbu hiyo hufaidi sana. Ghala likawa SSD, lisilo na sahani izungukayo wala sindano ya kuvunjika.

Mtu aweza kuuliza kwa nini hatukununua kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, ambayo hupatikana kwa bei ndogo, tukaichomekea kadi. Njia hiyo si ya kudharauliwa, na kwa mwenye laki tano pengine ndiyo njia pekee. Lakini baadhi ya kompyuta hizo zina ubao na kisanduku cha umeme vya umbo la peke yake. Kimoja kikifa, kipuri cha kawaida cha dukani hakiingii. Tena kuna uzee unaotoka nje ya chombo: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye afya njema hazikukubaliwa na mrithi wake. Anunuaye mtumba na aulize mambo hayo mawili kabla ya kuuliza bei.

Kadi ya picha ilipatikana mwaka uliofuata, Radeon RX 6600 iliyotumika, ambayo hula wati 132 tu. Kijana aliilipia mwenyewe kwa kuwachorea watu ramani za vyumba vya biashara. Aliipeleka Kariakoo macho yake, si fedha zake: hakulipa mpaka alipoiona ikifanya kazi nusu saa bila kuchemka kupita kiasi. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa mwaka 2025, bei za kumbukumbu zilipanda duniani kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu zao kwa mashine za akili unde. Sisi tulikuwa tumekwisha kununua. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati siiandiki katika hesabu ya busara. Lakini aliyejenga msingi mapema hupatwa na bahati ya namna hiyo mara nyingi kuliko aliyeanza na rangi.

Dada yangu hakupata jibu la miaka mingapi kwa tarakimu moja, kwa sababu jibu hilo halipo. Nilimwambia hivi: "Hiki si kitu kimoja, dada. Kisanduku cha umeme na kasha vitaona miaka mingi. Prosesa itabadilishwa mara moja. Kadi itabadilishwa labda mara mbili." Akafikiri kidogo, akasema kuwa hivyo ndivyo jembe lake lilivyo, kwani mpini ni wa tatu na jembe ni lile lile. Nusu ya mabati yake yamekwisha kubadilishwa. Nusu nyingine ingali inangoja karafuu, na mvua ikinyesha usiku bado husogeza kitanda. Sijifichi ukweli huo, wala kijana hafichwi. Anajua kwamba kila feni anayoisahau ikajaa vumbi ni bati la mama yake linalooza.

Naona basi kwamba kudumu si sifa ya kitu tu. Ni mapatano kati ya kitu, mahali na mtu. Kitu hutoa uimara wake, mahali hutoa masharti yake, na mtu hutoa utunzaji. Fedha kidogo haiwezi kununua yote, lakini yaweza kuamua ianze wapi. Ianzie pasipoonekana: penye umeme, penye upepo, penye mlango wa mabadiliko. Kinachoonekana kitafuata kwa wakati wake, kikute mahali pa kukaa.