Uti wa Mshale

Safari hii hatuandiki juu ya viza wala bei ya tiketi za Krismasi. Tunaandika juu ya fito.

Hapa Fisksätra, katika maghorofa haya ya miaka ya 1970 ambako kila ngazi ina lugha zake, tupo wachache tuliotoka sehemu ambazo uta haukuwa mchezo wa watoto: Mbulu, Kitui, bara la Malindi. Sweden kwa miaka mingi haikuruhusu kuwinda kwa upinde, ingawa majirani zao wa Denmark na Finland wanaruhusu. Basi tunalenga shabaha kwenye uwanja wa klabu, na rådjur, yule paa wa Kiswidi, anaendelea kula maua chini ya madirisha bila wasiwasi.

Mmoja wetu ana kijana wa miaka 15 aliyetaka kufundishwa. Mzee wetu wa Kitui akakubali kwa sharti moja: hatavuta upote kabla hajajua kuchagua uti wa mshale.

Sisi tuliosomea uhandisi tulicheka kidogo, kisha tukaona mzee yuko sahihi. Upote unapoachiwa husukuma mkia wa mshale, na kigumba kwa uzito wake huchelewa kuondoka. Uti lazima upinde, upite kando ya uta ukijinyonganyonga kama nyoka. Ukiwa mlaini mno au mgumu mno, mshale huenda pembeni hata mkono ukiwa thabiti. Na ugumu wenyewe hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne: punguza ufito wa milimita 9 uwe 8, umepoteza zaidi ya theluthi ya ugumu wake. Msasa kidogo tu, mshale mwingine kabisa.

Lakini linalomtia mzee ukali ni kuvunjika. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno mara nyingi nyuzi zake zimekatwa, zinatokea ubavuni, na ufa hufuata njia hiyo hiyo. Uti ukikatika wakati wa kuachia, kipande huingia kwenye mkono ulioshika uta. Ndiyo maana Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia machipukizi yaliyonyooka ya mkole na jamaa zake: nyuzi zinatoka mkiani hadi kichwani bila kukatika. Huyamenya, huyapasha katika majivu ya moto, huyanyoosha kwa meno, kisha hufunga manyoya kwa kano za mnyama. Yule mtu wa barafu aliyeokotwa milima ya Alps mwaka 1991, mwenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, alikuwa na podo lenye mishale 14, miwili tu ikiwa tayari, na nyuti zake ni machipukizi ya kichaka vilevile. Hakuwa na bwana wa kumfundisha kutoka Eyasi!

Sisi hapa tunatumia hassel. Allemansrätten inakuruhusu kutembea msituni na kuchuma uyoga, lakini kukata tawi la mti ulio hai ni kosa, kwa hiyo tunamwomba mwenye shamba anayepunguza vichaka vyake wakati wa baridi. Fito hufungwa mafungu ya kubana na kukaa miezi kadhaa stoo ya chini. Ndani ya nyumba joto la radieta hukausha haraka mno, zikapasuka ncha. Vijana wa klabu wana faiba ya kaboni, nayo haijali mvua, ni sawasawa kila moja. Ila ufa wake hujificha, na vibanzi vyake ni vibaya kuliko vya mti. Hatuikatai, tunaikagua.

Kwa nini mzee hakutufundisha mapema? Miaka ya 1950 Wawata wengi wa Tsavo, mabingwa wa uta mzito na sumu ya msunguti, walifungwa jela kwa ujangili. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Baba yake mzee aliacha podo darini na hakulitaja tena. Aliyokwisha kuyaona mtoto ndiyo hayo aliyonayo, na sasa mikono yake inatetemeka. Hawezi kunyoosha ufito mwenyewe. Anaelekeza, kijana anashika.

Majira ya baridi yaliyopita kijana alichagua fito 11 kati ya 40. Mzee akapinda kila mmoja karibu na sikio, akatupa miwili.

"Huu una nini, babu?"

"Unalia. Sikiliza."

Kijana akaupinda. Hakusikia kitu. Sisi pia hatukusikia. Amezichukua zote mbili chumbani kwake, na jioni mama yake anamsikia akizipinda.