Kutoka Bweranyange hadi Kyerwa: Nani Ataezeka Tena?

Ukitoka Kayanga baada ya swala ya alfajiri, ukungu ungali mabondeni, unaweza kufika Bweranyange, ukazunguka kwa utulivu, na adhuhuri ikakukuta umeshaipita njia panda ya Omurushaka ukielekea Kyerwa. Ndivyo tulivyofanya mimi na wazee wawili wa kamati yetu ya msikiti. Wakazi wa kata moja ya Kyerwa walitutaka tuwasaidie kuandika barua kwa halmashauri, nami kwa kuwa ni katibu, kalamu hunifuata popote.

Bweranyange yalikuwa makao ya Abakama wa Karagwe. Hapo ndipo Omukama Rumanyika alipowapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861. Jirani yake, Kafuro, kilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta hapo Hamed Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi Karagwe miaka mingi. Sioni shaka kwamba watu hao waliswali katika ardhi hii kabla ya babu zetu wengi kusilimu, na kila nipitapo huko moyo hunitulia.

Lakini ikulu ya Rumanyika ilikuwa ya miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haikusimama kwa nguvu za aliyeijenga peke yake. Ilisimama kwa sababu kila mara walikuwapo watu wenye wajibu wa kukata nyasi na kuezeka upya. Wajibu huo ulipokoma, nyumba ilirudi ardhini.

Mawazo hayo nilikuwa nayo bado tulipofika Kyerwa. Jengo tulilooneshwa ni godauni la zamani la kahawa, la matofali ya kuchoma, ambalo chama cha ushirika kiliacha kulitumia. Kuta ni imara, bati limeoza. Wakazi wanataka ofisi ya kata ihamie humo, na chumba cha pembeni kiwe maktaba ya watoto. Walikuwa wameshapiga hesabu: mbao, bati, saruji, ujira wa mafundi, michango ya wananchi na kiasi wanachokiomba halmashauri. Kurasa mbili safi kabisa.

Mzee mwenzangu akazisoma, akavua miwani. "Ndugu Mwenyekiti," akauliza, "mwaka wa nne, paa likivuja, fedha itatoka wapi?"

Hakuna aliyejibu.

Swali hilo si la Kyerwa tu. Dar es Salaam nimeliona Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866-67 kwa amri ya Sultan Majid bin Said ili wageni wake wafikie humo. Baadaye likawa mali ya Halmashauri ya Jiji. Ukarabati uliokamilika mwaka 2017 ulipata fedha za Umoja wa Ulaya, na washirika wake walikuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Chama cha Wasanifu Majengo, Goethe-Institut na halmashauri yenyewe. Ni kazi nzuri, inapendeza macho. Februari 2021 halmashauri hiyo ikavunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Jengo limeishi kuliko mwenyeji wake. Na Zanzibar, Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash iliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati kwa fedha za Oman ukiwa unaendelea. Watu wawili wakafariki. Fedha ilikuwapo, ila ilifika jengo likiwa limeshachoka.

Wanachuoni wetu wa fiqhi walilitazama jambo hili zamani. Katika wakfu, mapato ya mali hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapewe, hata kama mweka wakfu hakulitaja sharti hilo. Ndiyo maana penye msikiti pakawekwa na duka au shamba la kuulisha. Godauni lile si wakfu, wala hatuna mamlaka ya kulifanya hivyo, lakini utaratibu huo hauna hati miliki.

Tukaketi chini ya mwembe kuandika upya. Kutegemea bajeti ya kila Julai pekee hakutoshi: ushuru wa kahawa, ulioshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, hupanda na kushuka pamoja na bei ya zao, na dawa za zahanati zitatangulia bati la ofisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, godauni halimo. Basi tukaongeza ombi moja: vyumba viwili vinavyotazama barabara vipangishwe kuwa maduka, na kodi yake, kwa azimio la Baraza la Madiwani, iwekwe kando kwa matengenezo kabla ya matumizi mengine.

Mjumbe mmoja alilalamika kwamba maktaba itakuwa ndogo. Ni kweli, itakuwa ndogo. Tulibishana hadi alasiri, tukaswali, tukarudi kubishana. Mwishowe Mwenyekiti alisaini, akapiga muhuri, akaikunja barua na kuitia katika mfuko wa koti. Ataipeleka Jumatatu, akipata usafiri.